Mama Rojo wa Rwamigongo na mizani ya kahawa

Saa mbili kasorobo asubuhi, chumba cha nyuma cha ghala la kahawa la kijiji cha Rwamigongo, Wilaya ya Muleba, kimeshajaa mvuke. Benadetha Kokuhirwa anafunua sufuria, anaondoa majani ya mgomba yaliyofunika chakula, anachomoa pande la boga kwa vidole vitupu na kulitumbukiza kwenye kinu. Nje, kwenye mikeka, watoto kumi na wanne wanalia kila mmoja kwa sauti yake.

"Huyo mwenye sauti kubwa ni Projestus," anasema bila kugeuka. "Hana njaa huyo. Anatoa taarifa tu."

Kokuhirwa, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ndiye mpishi wa kituo cha kulelea watoto cha kijiji hiki cha ujamaa. Wapishi wengine hupikia watu wenye meno. Yeye anawapikia wasio nayo. Kina mama wakienda shamba la kijiji asubuhi, wanamwachia watoto wa miezi sita hadi mwaka mmoja, naye anawapondea ndizi, maboga, papai, parachichi, karoti na mchicha. Kijijini wanamwita Mama Rojo, na jina lake la ubatizo limebaki kwa padri peke yake.

Siku mwandishi huyu alipomtembelea ilikuwa siku mbaya. Saa nne watoto wangepimwa uzito mbele ya afisa kutoka wilayani. Mwezi uliopita walipopimwa, wote kumi na wanne walionekana wamekonda kuliko walivyokuwa Januari, kabla hawajaonja kijiko kimoja cha chakula chake. Halmashauri ya kijiji ikaamua: wasipopita uzito wa Januari safari hii, jiko lifungwe, chumba kirudishiwe magunia, na Mama Rojo arudi kwenye jembe.

"Jembe siliogopi," anasema huku akitwanga. "Nalipwa shilingi arobaini kwa mwezi, na pengine nalipwa mayai. Jembe lina faida kuliko jiko. Lakini niambie, waitu, ndugu yangu, mtoto anayekula bakuli mbili anakondaje? Chakula kinakwenda wapi?"

Swali hilo lilimkosesha usingizi mwezi mzima. Aliongeza karanga. Akaongeza dagaa waliosagwa na kuchekechwa. Mume wake, Aroni, alimshauri awafunge minyoo. Alipoulizwa minyoo inafungwaje, alikwenda kukagua migomba.

Jiko lenyewe ni mafiga matatu, kinu kidogo cha mti wa muhumula, mchi, vitambaa viwili vyeupe vya kuchujia na vijiko kumi na vinne vilivyofungwa nyuzi za rangi mbalimbali ili kila mtoto awe na chake. Kokuhirwa hachemshi ndizi majini. Anazivika majani ya mgomba na kuzipika kwa mvuke, kwa sababu, anasema, ukichemsha unamwaga utamu pamoja na maji halafu unamlaumu mtoto kwa kutema.

Namna yake ya kujua kama rojo limeiva ni moja. Anachota kijiko, anakigeuza juu ya bakuli na kusubiri.

"Likianguka kama maji, huo ni uji, mtoto atashiba upepo. Lisipoanguka kabisa, peleka ukajengee nyumba. Linatakiwa lianguke kwa kusitasita, kama mtu anayeaga ukweni."

Mwandishi huyu alipewa bakuli la ebitoke, yaani ndizi za kupika, na boga ili aandike kwa ushahidi. Anashuhudia kwamba lilianguka kwa kusitasita, na kwamba aliomba la pili.

Kokuhirwa alizaliwa Kagondo, jirani na mji wa Bukoba, akaolewa Rwamigongo akiwa na miaka kumi na tisa. Mtoto wake wa kwanza, Celina, alikuwa mnene na mcheshi mpaka alipofika miezi saba. Wakati huo kila mtu alimwambia kwamba mtoto wa Kihaya anakua kwa ndizi, basi akampa ndizi. Asubuhi ndizi, mchana ndizi, jioni ndizi. Celina akavimba miguu, nywele zikawa nyekundu, akafa akiwa na miezi kumi na mmoja.

"Nilikuwa na mapapai nyuma ya nyumba," anasema. Mchi unasimama. "Yalikuwa yanaiva yanaanguka, ndege wanakula. Hakuna aliyeniambia. Nililia kwa ajili ya mtoto, halafu nikalia kwa ajili ya yale mapapai."

Sista mmoja wa zahanati ndiye aliyemfundisha kuchanganya vyakula, na tangu hapo, anasema, haoni parachichi limeanguka bila kuliokota. Kijiji kilipoamua mwaka jana kuanzisha kituo, alijitolea kabla mwenyekiti hajamaliza kueleza kazi.

Si wote waliofurahi. Adui yake mkubwa alikuwa Bibi Klaudia, mjane wa miaka inayokaribia sabini na nyanya yake Projestus. Bibi Klaudia alilea watoto saba kwa njia ya wazee: unatafuna ndizi mwenyewe mpaka ilainike, unamtia mtoto mdomoni. Aliliita rojo la Kokuhirwa matope.

"Mimi nimewatafunia saba, na wote wana meno!" alimwambia mwandishi huyu akimwonyesha kidole. Kidole hicho kingepaswa kuonyesha kinywa chake mwenyewe, ambamo yamebaki meno manne, na hayakutani.

Hata hivyo, kila siku saa sita bibi huyu alifika kituoni kukagua. Alikagua kwa kijiko. Aliketi, akavuta bakuli, akaonja, akasema halina chumvi, akaonja tena ili ahakikishe, na alipoinuka bakuli lilikuwa jeupe. Matokeo ya mwezi uliopita yalipotangazwa, alikuwa wa kwanza kusema kwamba alijua, na siku ya pili yake alikuja kukagua kama kawaida.

Saa nne na robo gari la wilaya linafika. Anashuka Bibi Maendeleo, kama wanavyomwita afisa wa maendeleo ya kina mama, jina lake Jovitha. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Rutashobya, anampokea kwa hotuba. Anapofika kwenye maneno "taifa la kesho", taifa la kesho linaanza kulia lote kwa pamoja, naye anakatisha.

Januari watoto walipimwa kwa mizani ya zahanati. Mizani hiyo sasa inazunguka vijiji vingine, kwa hiyo mwezi uliopita na leo kijiji kinatumia mizani iliyopo: ile ya kupimia kahawa, inayoning'inia kwenye boriti ya ghala. Mtoto anatiwa kwenye nusu gunia lililotobolewa matundu mawili ya miguu, anatundikwa kwenye ndoano, na karani wa kahawa, Ndugu Damian, anasoma mshale na kuandika kwenye daftari. Damian amepima kahawa ya Rwamigongo kwa miaka kumi na moja. Ni mtu nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni, na hajawahi kukosea hesabu.

Kokuhirwa anawatundika watoto mmoja mmoja, akiwashika miguu ili wasijirushe. Macho yake yako kwa watoto. Hata angeyainua, kwake mshale ule ungekuwa mshale tu. Huku kwetu kahawa ni mali ya mwanamume. Mwanamke anaichuma, anaianika, anaichambua, lakini ikifika kwenye mizani anaambiwa ahsante, rudi nyumbani. Katika maisha yake Kokuhirwa hajawahi kusimama mbele ya mizani ya kahawa isipokuwa siku hizi mbili.

Mtoto wa kwanza anasomwa: hajafika uzito wa Januari. Wa pili, hajafika. Wa tatu, vilevile. Jovitha anaandika huku akiuma mdomo. Mwenyekiti ameanza kutazama chumba cha nyuma kwa jicho la mtu anayehesabu magunia. Kokuhirwa anamtundika mtoto wa nne, na machozi yanamdondokea mtoto kichwani.

Wa tano ni Projestus. Bibi Klaudia amejisogeza mpaka mbele kabisa, ashuhudie mwenyewe ushindi wake. Mjukuu anatundikwa, anapiga teke, anatulia, halafu anakojoa kwa utulivu mkubwa, gunia linalowa hadi chini.

"Projestus," anasoma Damian. "Kilo saba."

"Januari alikuwa na kilo saba hizohizo," anasema Jovitha kwa huzuni. "Hajaongeza hata kidogo."

"Kilo ngapi?" anauliza Bibi Klaudia.

"Saba, bibi."

"Damian, mwana wewe! Mshale uko nane na nusu!"

Bibi Klaudia hajui kusoma hata jina lake. Lakini mumewe alifariki miaka ishirini na miwili iliyopita, na tangu hapo kahawa yake anaipeleka mwenyewe, mwanamke pekee kwenye foleni ya wanaume, na hajawahi kupepesa macho mshale ukiwa unatembea.

"Ni utaratibu, bibi," anajibu Damian kwa upole, kama anavyowajibu wakulima kila msimu. "Mshale unasema nane na nusu. Natoa gunia, kilo moja. Natoa unyevu, nusu kilo. Inabaki saba."

"Unatoa nini?"

"Unyevu. Si unaona mwenyewe alivyolowa?"

Mwandishi huyu amehudhuria mikutano mingi ya hadhara, lakini hajawahi kusikia ukelele kama ule aliopiga Bibi Klaudia.

"Maawe! Amemkata mjukuu wangu unyevu! Kahawa yangu umeikata unyevu miaka kumi na moja, nikanyamaza. Nikasema labda kweli, mvua ilinyesha. Leo unamkata mtoto? Tumwanike juani kwanza ndiyo umpime? Tumkoboe?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti alijaribu kubaki na sura ya kiserikali, akashindwa, akageukia ukutani, mabega yakawa yanacheza. Jovitha aliliomba daftari. Kila mtoto, mwezi uliopita na leo, alikuwa amekatwa kilo moja ya gunia na nusu kilo ya unyevu, kwa mwandiko mzuri kabisa. Damian aliutazama mkono wake wenye kalamu.

"Mkono umezoea, ndugu zangu," alisema. "Mkono ukiona gunia, unatoa wenyewe. Wallahi sikuwa na nia mbaya."

Jovitha akaagiza nusu gunia litundikwe tupu na kavu. Lilikuwa na robo kilo. Watoto wakapimwa upya, na safari hii ni Bibi Klaudia aliyesoma mshale kwa sauti huku Damian akiandika anachoambiwa. Projestus alikuwa na kilo nane na robo, ongezeko la kilo moja na robo tangu Januari. Kati ya watoto kumi na wanne, kumi na watatu walipita uzito wa Januari. Wa kumi na nne alikuwa ametoka kuugua surua, na Jovitha aliagiza apelekwe zahanati kesho yake.

Kokuhirwa aliketi chini palepale, kwenye maganda ya kahawa, akalia waziwazi. Kina mama waliorudi mbio kutoka shambani walidhani jiko limefungwa, wakaanza kulia pia, na ilichukua muda kuwatuliza.

Mkutano haukuishia hapo. Mzee mmoja nyuma akauliza: ikiwa mtoto anarudishiwa unyevu wake, wao je? Wanaume wakaanza kukumbuka misimu na magunia. Mwenyekiti akatangaza kwamba hilo litajadiliwa kikao kijacho, na gunia nalo litapimwa. Damian akaomba ruhusa akanywe maji.

Uamuzi kuhusu jiko ulichukua dakika moja. Jiko libaki, chumba kibaki, na magunia yatafutiwe pengine. Jovitha ameomba Kokuhirwa apelekwe vijiji vingine viwili vya Muleba kuwafundisha kina mama, naye amekubali kwa sharti moja: aende na msaidizi anayejua kusoma mshale. Msaidizi huyo, mwenye meno manne, ameshaanza kushona gauni la safari. Bado anasema rojo halina chumvi.

Saa saba watoto wamelala kwenye mikeka, midomo ikiwa na rangi ya boga. Kokuhirwa anasuuza vijiko, kimoja kimoja, na kuvianika juu ya jani la mgomba. Mwandishi huyu anamuuliza angependa watoto hawa wamkumbuke vipi watakapokuwa watu wazima.

Anacheka.

"Wanikumbuke? Nani anakumbuka chakula alichokula kabla hajaota meno? Watanipita njiani bila hata salamu, na Projestus ndiye atakuwa wa kwanza." Anakung'uta kijiko cha mwisho. "Sitaki wanikumbuke, waitu. Nataka wawepo."