Mlango wa Nne wa Mama Malati

Mama mkwe wangu, Malati Paranjpe, alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika maabara ya shule ya sekondari ya wasichana hapa Sangli. Hakuwa mwalimu. Alikuwa mwosha chupa, mtunza mizani, mtu wa kuhakikisha tindikali imekaa mbali na watoto. Walimu walikuja wakaenda, yeye akabaki, na alipostaafu alitoka na tabia moja: neno la mtu haliamini mpaka alipime. Muuza maziwa akisema ni lita, anapima. Daktari akisema homa imeshuka, anatia kipimo chake mwenyewe. Na mwanamke huyo huyo kila asubuhi huoga kabla jua halijachomoza, akaumwagilia maji mrehani mtakatifu ulio mbele ya mlango, akauzunguka viganja vimekutana, na hapo hapimi chochote. Nilipoolewa nilidhani kuna watu wawili ndani ya sari moja.

Mimi ni Ketaki. Kwetu ni Vengurla, mji wa pwani, na kwetu siku isiyo na samaki ni siku ya mgonjwa. Nachiket alinioa kwa kupendana, na aliniambia mapema kuwa kwao halijawahi kuingia yai, sembuse samaki. Nikasema nitaweza. Mtu akipenda husema mengi. Na niliweza mwaka mmoja na nusu, nikijiponya kwa samaki wa kupikiwa na rafiki yangu mmoja mara moja moja, mpaka nikapata mimba, na mimba ikataka samaki, tena vibua. Haikutaka embe bichi kama mimba za watu wenye adabu.

Nikavileta nyumbani kwenye kopo la aiskrimu. Katika nyumba zetu kopo la aiskrimu hukaa na kila kitu isipokuwa aiskrimu: njegere, nazi iliyokunwa, chatne ya giligilani. Hakuna anayelitilia shaka. Nikavisukuma vibua vyangu nyuma kabisa ndani ya friji ya zamani, nikajiona mjanja. Nilichosahau ni kwamba na Mama huweka malai yake kwenye kopo kama hilo, akikusanya ule utando wa maziwa wiki nzima, na Jumatano huutoa akatengeneza samli. Za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika hata nne.

Alifungua kopo langu mbele yangu. Mchuzi mwekundu, na vichwa viwili vya kibua vikimtazama.

Alilifunika, akaliweka sakafuni karibu na mguu wangu. Kisha akatoa kila kilichokuwamo ndani ya friji. Akamwaga maziwa, akamwaga mtindi, akamwaga malai ya wiki nzima. Akaisugua friji mara tatu, akaenda kuoga, akabadili sari, akapika, akanipakulia mimi kwanza kama siku zote. Kimya chake kilinitoa jasho kuliko matusi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nikaanza kuungoja mshindo.

Wakati huo mimi na Nachiket tulikuwa tumekwisha kutazama nyumba ya kupanga upande wa Vishrambag, vyumba viwili. Mwenye nyumba alitaka jibu Jumapili. Tukihama, Mama atabaki peke yake na miungu yake katika nyumba ya vyumba sita, na Nachiket ni mwana wa pekee. Hakuwa akilala vizuri.

Siku ya tatu Mama akasema, "Friji hii imechoka. Jumamosi tunakwenda kununua nyingine. Na wewe Ketaki utakuja."

Nikamwambia Nachiket chumbani, "Sawa, nitakwenda. Lakini akinunua friji na bado sina pa kuweka kibua kimoja, Jumapili unamjibu yule mwenye nyumba kuwa tunahamia."

"Nitamjibu," akasema, na akageukia ukutani.

Duka liko barabara ya Miraj. Muuzaji, Bwana Mulani, ni mtu wa makamo mwenye tumbo la kuaminika. Alitupitisha kwenye friji za kawaida kwa haraka, akatusimamisha mbele ya moja ya milango minne, ndefu kuliko Nachiket, kioo cheusi kitupu, unajiona mpaka vitundu vya pua. Milango miwili ya juu ilifunguka kama kabati la bibi harusi. Chini milango miwili mingine, kila mmoja na chumba chake. Taa zikawaka ndani. Mimi nilishindwa kufunga mdomo, kusema kweli.

"Hii, Mama, ukigonga kioo hivi, inakuonyesha kilichomo," akasema Bwana Mulani.

"Kwani mimi sijui nilichoweka mwenyewe?"

"Na chumba hiki cha chini kulia ukitaka kinagandisha, ukitaka kinapooza tu."

"Pumzi ya chumba hiki inaingia kwenye vyumba vya juu?"

"Haiingii, Mama. Kila chumba na pumzi yake."

"Nani kapima?"

Bwana Mulani akacheka. "Kampuni, Mama."

"Kampuni haipo hapa. Ziwashe mbili: hii, na ile ya milango miwili pale. Tutangoja."

"Mama, zitachukua saa nyingi kupoa."

"Nimekuja na chakula."

Na kweli. Alipofungua mfuko wake nilitamani kujificha nyuma ya mashine za kufulia. Mikate ya mtama, kachumbari ya vitunguu, bakuli mbili za chuma za aina moja, chupa ya maziwa, na kopo la mvuje, ule unga wa kiungo unaonuka. Tulifika saa tano asubuhi. Tulikula pale pale, kwenye viti vya wateja, na Bwana Mulani akapewa mkate wake. Baridi ilipokolea, Mama aliinuka. Akapima maziwa sawasawa kwenye bakuli mbili, akaweka moja juu katika kila friji, wazi bila kifuniko. Kisha akafungua kopo la mvuje. Tunautia chembe kwenye dengu na bado jirani anajua tunapika nini. Yeye alitandika karatasi mbili, akamimina kijiko kizima kwenye kila moja, akaweka karatasi moja chini katika kila friji, akafunga milango, akatazama saa.

Mlinzi wa duka akasogea mbali. Mimi nilikaa nikiitazama ile milango myeusi, na moyo wangu ukawa mzito. Nilielewa wazi kabisa. Ule mvuje ulikuwa mimi. Alikuwa akipima kama uvundo wangu unaweza kufungiwa mahali, usifike kwenye maziwa ya miungu yake.

Saa kumi na moja akazitoa zile bakuli. Ya milango miwili alimpa Nachiket, na Nachiket akarudisha kichwa nyuma kabla haijafika puani. Maziwa yalikuwa yamekuwa mvuje mtupu. Bakuli ya pili akainusa Bwana Mulani, akasema safi. Akainusa mlinzi, akasema safi. Mama hakutosheka. Akaniletea mimi.

"Nyie pua zenu za kiume hazina kazi," akawaambia. "Pua ya mjamzito ndiyo mizani."

Akaishika bakuli mbele yangu, wala hakuiachia bado. Akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatano.

"Kwa kopo ulinidanganya," akasema taratibu, wengine wasisikie. "Kwa pua usinidanganye. Yakinuka, sema yananuka. Nitakachokifanya baadaye ni kazi yangu."

Ningeweza kusema lolote. Mwanamke asiyeamini lita ya muuza maziwa alikuwa ameweka maamuzi yote ya nyumba yake kwenye pua ya mtu aliyemchafulia friji siku tatu nyuma. Nikafumba macho, nikavuta. Nikavuta tena.

"Maziwa," nikasema. "Maziwa tu, Mama."

Akatikisa kichwa kukubali, akayanywa yote pale pale, akaifuta bakuli kwa ncha ya sari.

"Bwana Mulani, bei?"

"Rupia laki moja na elfu thelathini na tano, Mama. Kwako wewe, thelathini na mbili."

Nachiket akakohoa. "Mama, hizo ni akiba zako za kustaafu. Tuchukue ile ya milango miwili, halafu kijifriji kidogo cha Ketaki tukiweke baraza ya nyuma. Kila mtu na chake, na hakuna atakayemkera mwenzake."

Niseme ukweli, niliona ni wazo zuri. Nilikuwa tayari kushukuru.

Mama alikuwa akipanga bakuli mfukoni. Hakuinua kichwa. "Baraza ya nyuma unaijua wewe?"

"Si pale panapokaa baskeli?"

"Nilipoolewa nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kila mwezi, siku zangu zikifika, nililala pale siku tatu. Mkeka wangu, sahani yangu, kikombe changu. Bibi yako akileta chakula anakiweka chini, anarudi nyuma, ndipo nakichukua. Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo tulivyofundishwa, na mimi mwenyewe niliona ni haki. Alipokufa niliiosha ile baraza, nikaweka baskeli yako, ili pasiwe na nafasi ya kukaa mtu." Akafunga mfuko. "Sitaweka pale tena kitu cha mwanamke wa nyumba hii. Kitakaa jikoni, kilipo changu."

Bwana Mulani aligeuka, akaanza kusoma karatasi ya bei ya mashine ya kufulia kama vile hajawahi kuiona. Mimi nililia. Miezi yote ile nilikuwa nikiipita baskeli ile nikienda kuanika nguo, na sikujua nilikuwa nikipita juu ya kitanda cha mtu.

"Usilie dukani," akasema Mama. "Na sikilizeni vizuri, msije mkanipamba. Mlango ule wa chini kulia ni wa Ketaki. Mimi siufungui. Siufuti, siugusi. Samaki wakioza, waoze na mwenyewe. Nina miaka sitini na minane. Siwezi kugeuka mzima kwa siku moja. Naapa mbele ya mrehani wangu, mkono wangu hautaingia mle."

"Sawa, Mama," nikasema. Nilikubali kwa moyo wote. Ilikuwa haki.

Tulipotoka nje Nachiket alimpigia mwenye nyumba wa Vishrambag pale pale kando ya barabara kumwambia hatuhami, hakungoja Jumapili.

Friji ilipoletwa Mama alivunja nazi mbele yake, akaivisha shada la maua, akaweka nukta ya unga mwekundu kwenye mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akanipa mimi kile kikopo cha unga, nikaweka ya nne. Na akatunza kiapo chake. Mama yangu alipokuwa akituma uduvi na vibua kwa basi kutoka Vengurla, Mama Malati aliuzunguka mlango wangu kwa mbali kidogo, akishika upindo wa sari usiuguse. Akifuta kile kioo cheusi, anafuta milango mitatu. Wa nne ulikuwa na alama za vidole vyangu mpaka nione haya mwenyewe. Wala hatukuwahi kulizungumza.

Mimba ikafika mwezi wa saba, na jua likapatwa.

Kwetu sote hilo si jambo dogo, pwani na bara. Jua likipatwa mjamzito hujilaza ndani, madirisha yamezibwa, hashiki kisu, hashiki sindano. Chakula chochote kilichopo nyumbani huwekewa jani la mrehani, ili giza lile lisikiharibu, kisichowekewa hutupwa. Nachiket alikuwa kazini. Nililala chumbani mchana ule, chumba kimekuwa na mwanga wa ajabu wa kijivu, kunguru wamenyamaza, mtoto akinipiga mateke. Nilimsikia Mama akitembea jikoni. Mtungi wa maji ukifunuliwa. Chupa za achari. Mlango wa friji, na mwingine, na mwingine. Nikawaza: basi, mlango wangu hataugusa, vibua vyangu vya jana vimekwenda, nitavitupa. Nilikuwa nimeviosha tu na kuvipaka manjano na chumvi. Nilisikitika kidogo, kwa ulafi tu.

Jua lilipofunguka Mama alikwenda kuoga, kama desturi. Nami nikaoga, nikaingia jikoni kuvitoa. Nikafungua mlango wangu. Kopo lilikuwa mahali pake, lakini kifuniko kilikaa upande, kama kimerudishwa na mtu aliyegeuza uso. Nikakifunua.

Vibua vitano, vya manjano. Na juu ya kila kimoja, jani moja la mrehani.

Si jani moja kwa kopo zima, lingetosha. Matano. Mtu alikuwa ameingiza mkono mle, akavihesabu, akavipa kila kimoja lake, kwa vidole ambavyo katika miaka sitini na minane havijawahi kugusa samaki. Niliketi chini sakafuni na tumbo langu, mlango wazi, baridi ikinipiga magotini. Nilisikia hofu, ile unayoisikia mbele ya kitu kikubwa kuliko wewe. Sijawahi kuisikia hekaluni.

Mama akaingia, nywele zikitiririka maji. Akaniona. Akaona kopo.

"Mama," nikasema, "uliapa."

Akapita, akawasha jiko, akaweka sufuria ya maziwa juu. Mikono yake ilinuka sabuni mpaka pale nilipoketi.

"Siku nyingine vikate vichwa kabla hujaviweka," akasema. "Vilikuwa vinanitazama."

Tangu siku hiyo nakata vichwa.