Mheshimiwa aliyekubali kuagiza kwa maandishi, mpaka aliposoma alichoagiza

Salamu wakuu, mlio nyumbani na mliotawanyika kama mwenzenu.

Naandika kutoka internet café hapa Durban. Nimelipia nusu saa, na sehemu yake imeshaliwa na kuwaza nianzie wapi. Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha kwa sababu ni mwoga, ila mengine yote ni kama yalivyotokea.

Nilimaliza digrii ya uhasibu hapa hapa, nikapata kazi ya mkataba kwenye ofisi moja ya serikali ya jimbo. Permit yangu ya kuishi nchi hii ilikuwa imeshikiliwa na mkataba huo. Likumbukeni hilo, maana mimi sikulisahau hata siku moja.

Kwa wasioijua nchi hii: haijiiti shirikisho, lakini majimbo yana mabunge yao, mawaziri wao na bajeti zao. Pesa nyingi hutoka Pretoria, kwa serikali kuu, zinatumika huku. Zikiharibika, Pretoria inanyooshea jimbo kidole, jimbo linakirudisha Pretoria. Mwananchi anabaki katikati.

Ndiyo maana ikaandaliwa sheria mpya ya fedha za umma, moja kwa serikali kuu na majimbo yote. Ndani yake, mkuu wa idara ndiye anayejibu kwa kila malipo. Yeye binafsi, hadi mahakamani.

Mkuu wa idara yetu alikuwa Ma Zanele, mama wa Kizulu anayekaa Queensburgh. Draft ilipoletwa ili majimbo yatoe maoni, alinitupia mimi mezani.

"Soma wewe. Unaogopa kila kitu, utayaona mashimo."

Nikasoma mpaka nikaanza kuiota. Shimo nililoliona ni hili: wanasiasa hawaandiki, wanapiga simu. "Lipa hiyo kitu kabla ya Ijumaa," basi. Siku maswali yakija, simu haina ushahidi, na sahihi ni ya mkuu wa idara.

Nikapendekeza hivi: mwanasiasa akitaka malipo yasiyo na idhini, aagize kwa maandishi, na nakala iende hazina na kwa mkaguzi. Ma Zanele akaipenda, ikatumwa Pretoria.

Hapa Greyville naishi flat moja na Papa Dieudo, Mkongo mwenye saluni, anayeniita petit, yaani mdogo wake. Nilipomweleza, alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Petit, mukubwa haandikake. Anakohoa tu, bantu banasikia."

"Hapa ni tofauti, Papa."

"Eh, tutaona. Bakikufukuza, saluni iko. Utafagia nywele."

Ikafika Machi ya mwaka jana. Mwaka wa fedha hapa unaisha na mwezi huo, na pesa isiyotumika inarudi hazina. Sisi tulikuwa na pesa ya kujenga kliniki nje kidogo ya Pinetown. Mkandarasi alikuwa ameshasimamisha kibao. Kibao tu, hata msingi haujachimbwa.

Simu ikaingia mezani kwa Ma Zanele, nami nimekaa mbele yake. Ni Mheshimiwa, waziri wa jimbo aliye juu ya idara yetu: mlipeni mkandarasi yote sasa hivi, pesa isirudi.

Nimtendee haki, wakuu. Sidhani alikuwa anaiba. Watu wa kule wanapanda taxi mbili, hizi daladala za huku, kumfikisha mtoto hospitali. Pengine aliwaonea huruma. Pengine alitaka kura. Nimeliwaza hili pande zote, bado sijafika.

Sheria ilikuwa bado draft, haimbani mtu. Lakini Ma Zanele akasema kwenye simu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sawa Baba, naomba uniandikie."

Nikasikia sauti ndogo upande wa pili: "Nitakuja mwenyewe."

Mimi nikaanza kuhesabu nguo zangu kichwani, zipi zinaingia kwenye begi.

Kesho yake akaja, wala hakukasirika. Alisalimia kila mtu, akamuuliza mlinzi habari za goti lake. Akaketi. (Waliongea Kiingereza na Kizulu, nawatafsiria.)

"Zanele, unataka karatasi? Sharp. Kijana wako aandike, nasaini sasa hivi."

Ma Zanele akanigeukia. "Andika."

Wakuu, mtu mwingine angeandika mistari miwili: lipeni kliniki, sahihi. Mimi mistari miwili siiwezi. Nikawaza, je, akisoma mtu asiyetujua? Je, akiuliza kama jengo lipo? Nikaandika kila nilichowaza:

"Naagiza mkandarasi alipwe gharama yote ya kliniki, ingawa ujenzi haujaanza, na ingawa mkuu wa idara amenishauri kwamba malipo haya hayana idhini. Nitayajibia mimi."

Printa ikapiga kelele zake. Mheshimiwa akachomoa kalamu, akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani.

"Nani amekufundisha kuandika hivi?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Kuna uongo humu?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Eish." Akacheka kidogo. "Toa hii ya mwisho, nisaini."

Ma Zanele akasema taratibu, "Hiyo ya mwisho ndiyo barua yenyewe, Baba."

Akaikunja, akaitia mfuko wa koti, akasema ataisoma vizuri nyumbani. Mpaka leo anaisoma.

Machi ikaisha, pesa ikarudi hazina. Ma Zanele alipona. Aprili mikataba ya muda "ikapitiwa upya," na wangu ukaisha. Hakuna aliyesema kwa nini.

Papa Dieudo hakunicheka tena. Alinivutia kiti nikae. "Sasa umejua sababu mukubwa haandikake, petit? Akiandika, analazimika kusoma."

Ma Zanele alinihangaikia, nikapata kazi ya hesabu kiwandani Pinetown. Permit ikapona dakika za mwisho. Tatizo ni kwamba sasa kila siku napita pale penye kibao. Majani yamekifikia kiunoni.

Wiki iliyopita kwenye foleni ya taxi, mama mmoja ninayemwona pale kila asubuhi, siku hiyo akiwa na mtoto wa homa mgongoni, alikuwa anamlalamikia mwenzake. Kizulu changu ni cha kuombea maji, lakini hili nililielewa: "Pesa ya kliniki ilikuwepo. Kuna mtu ofisini aliirudisha."

Nikatazama viatu vyangu.

Sheria imeshapita. Itaanza kazi mwakani, kama kompyuta zitaivuka hiyo Y2K. Ma Zanele alinipigia simu kiwandani kunijulisha: kile kipengele cha maandishi kimo. Sijui kama kimetoka kwetu, pengine waoga wako kila jimbo. Nikamuuliza habari za kliniki. Akasema ameiombea bajeti tena.

Nilichojifunza: sheria ya fedha inaweza kuuzuia mkono usilipe vibaya. Tofali ni lazima mtu alibebe.

Dakika zangu zinakwisha. Mliowahi kufanya kazi serikalini, karibuni, hata kwa kunisema. Ila kwanza nisaidieni hili: yule mama nimwambie nini? Kesho asubuhi tutakuwa foleni moja.