Skonzi Ambayo Janine Hajawahi Kuing'ata

Saa kumi na mbili asubuhi, sokoni Oldham, kaskazini mwa Uingereza, bekoni ya kwanza inalia kwenye kikaango cha Janine Ollerenshaw. Anapasua skonzi, anapaka siagi, anapanga vipande vitatu, anafunga kwa karatasi. Haitazami mikono yake. Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa.

Leo macho yake yapo kwenye kopo la majani ya chai. Nyuma yake imeegemezwa bahasha ya hospitali, iliyofika jana. Haijafunguliwa.

"Ifungue, mwaya!" anapaza sauti Pauline Tetlow, muuza jibini wa kibanda cha pili. "Bahasha haiumi."

"Wateja kwanza," anajibu Janine.

Wa kwanza ni Derek, dereva wa gari la taka, ambaye utani wake ni uleule kila siku. "Mpishi asiyeonja chakula chake! Umetutilia nini humu, Janine?"

"Sumu ya panya. Wewe haikudhuru, umeshaizoea."

Janine anacheka, kiganja mdomoni. Derek hajui kwamba amegusa penyewe. Mama huyu wa miaka arobaini na moja hajawahi kuing'ata skonzi hata moja. Akifunga mdomo, magego ya nyuma hukutana, lakini meno ya mbele hubaki yameachana, kidole kinapita. Skonzi yake huikatakata kwa kisu, akaila nyuma ya friji, amewapa watu mgongo.

"Tofaa nalikwangua kwa kijiko," ananiambia. "Mwaka jana nilialikwa harusi tatu. Nimekwenda zote, nimerudi nyumbani kula uji."

Akiwa na miaka kumi na mitatu aliambiwa avae waya za meno, bure, kama watoto wengine wenye shida. Alikataa. Shuleni kulikuwa na msichana aliyevaa, akaitwa Reli mpaka akamaliza masomo. "Nikaona bora meno yangu kuliko jina lile. Mjinga mimi!"

Ukubwani mambo ni mengine. Kliniki ya kulipia ilimtajia pauni elfu tano na mia nane, tena kwa waya pekee, ambazo zisingetosha, maana taya lenyewe ndilo lililokua vibaya. Serikali huweza kumlipia mtu mzima, ila lazima hospitali iridhike kwamba hitilafu inamtesa kweli, si suala la kutafuta tabasamu zuri.

Miaka mitatu iliyopita alipata nafasi ya kuonwa. Na hapo ndipo alipojimaliza mwenyewe.

Watu wa huku, nimeishi nao miaka ishirini, hawalalamiki. Mtu kavunjika mguu, ukimuuliza hali atakwambia si mbaya sana. Ni kama sisi na "sijambo" yetu, tunaitamka hata homa ikiwa kali, kwanza sijambo, homa baadaye. Wenzetu hawa hiyo homa hawaitaji kabisa.

Basi daktari akauliza, "Unakulaje?"

"Vizuri tu, asante. Siwezi kulalamika."

Daktari akaandika alichosikia. Barua ikaja: mgonjwa hana shida ya kula, ombi limekataliwa.

Pauline alipoisoma alipandwa na hasira. "Vizuri tu? We Janine una wazimu? Mficha uchi hazai!"

Ombi la pili lilichukua miezi kumi na minne. Safari hii Pauline alifunga kibanda chake, akamsindikiza, na mkobani wakatia skonzi ya bekoni.

Daktari akauliza hali. "Si mba—" Pauline akakohoa. Janine akatoa skonzi, akajaribu kuing'ata palepale, akavuta. Mkate ukarudi mzima, umebonyea pembeni tu. Bekoni ikateleza, ikamwangukia mapajani. Machozi yakamtoka.

"Aibu niliyoiona, we acha tu! Lakini nikasema yote," anasimulia. "Harusi, friji, kijiko. Yote."

Daktari akachukua rula ndogo, akapima mwanya: milimita tisa. Hakuahidi kitu. Alisema jopo la madaktari litakaa, kisha wataandika.

Saa nne, foleni imekwisha. Janine anafuta mikono kwenye aproni, anapasua bahasha kwa kisu cha siagi. Anasoma. Anarudia. Pauline anaona anachelewa, anamnyang'anya na kuisoma kwa sauti: waya mwaka mmoja na nusu, kisha upasuaji wa taya, gharama zote juu ya serikali.

"Wamekubali! Janine, wamekubali!"

Si lelemama. Atakunywa vya majimaji wiki kadhaa, na mdomo wa chini unaweza kufa ganzi, pengine hisia zisirudi tena. Anaogopa, na anakiri wazi, jambo ambalo miaka mitatu iliyopita asingethubutu. Waya zitafungwa mwezi ujao. Mpango wake ni mmoja tu: siku atakayoruhusiwa kutafuna, atatoka kibandani, asimame kwenye foleni nyuma ya Derek, anunue skonzi yake na kuing'ata hapohapo mbele ya watu.

Namuuliza, kwa mazoea tu, anajisikiaje sasa.

"Si mbaya—" anaanza. Halafu anaitazama skonzi ya mwisho iliyobaki kwenye trei.

"Hapana," anasema. "Nina njaa. Miaka yote hii, nina njaa."