Bawa Fupi la Busi

Juzi, katika ofisi moja ya mipango hapa Dodoma, nilimkuta karani akihangaika na kompyuta mpya. Alichora chati ya idadi ya watu wa kila kijiji, pau za wanaume kushoto na za wanawake kulia, lakini majina ya vijiji yalikataa kukaa katikati. Mwishowe akaweka pau nyeupe hapo kati, akayaandika juu yake. Chati ikatokea kama kipepeo aliyekunjua mabawa.

Mama mmoja wa kijiji cha Busi, aliyekuwa akisubiri barua, akagusa kioo kwa kidole.

“Mbona kwetu bawa la wanaume fupi?”

“Labda nimekosea, mama.”

“Hujakosea, mwanangu. Wako bwawa la Mtera wanavua samaki. Mume wangu huu mwaka wa pili hajarudi. Sasa hapo kati, huwezi kuandika watarudi lini?”

Karani akanitazama. Wasomi wawili tukaikodolea macho ile pau nyeupe.