Baba Kulwa Hakuiba Petroli

Ipo siku moja pale sokoni Runzewe ambayo sijawahi kuisahau, mwanangu, wala sikusimulii kwa upole. Wazee wengine hukumbuka ujana wao wakitabasamu. Mimi nikiukumbuka wangu nakunja ngumi. Hasira yenyewe namwonea kijana mmoja aliyetoka chuo kikuu akiamini kwamba kuhoji kila kitu ndiko kuwa na akili. Kijana huyo ni mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati kila mtu alikuwa akikimbilia dhahabu ya Geita na vijiji vya jirani. Nilikuwa mtaalamu wa miamba katika kampuni ndogo ya utafiti, kambi yetu ikiwa nje kidogo ya Runzewe. Tulichimbua udongo, tukaujaza kwenye vifuko na kuupeleka Shinyanga kwa pikapu ya petroli. Pikapu hiyo ilikuwa ya kisasa kwa wakati ule: haikuwa na kabureta, injini yake iliongozwa na kompyuta ndogo. Dereva alikuwa Baba Kulwa, Msukuma wa makamo, baba wa mapacha, mtu wa maneno machache aliyeendesha malori ya pamba tangu mimi niko darasa la kwanza.

Nilimhoji mchungaji kuhusu safina. Nilimhoji mganga kuhusu mizizi yake, na bosi wangu kuhusu ramani zake. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami nikayageuza maneno yao kuwa fimbo ya kuchapia watu.

Basi pikapu ikaanza kunywa petroli. Tangi lililokuwa likitufikisha Shinyanga na kubaki, sasa linaishia Kahama. Baba Kulwa aliniambia mapema, kabla sijamuuliza.

"Bosi, hili gari lina ugonjwa. Likishapata moto linatoa moshi mweusi, tena linanuka petroli. Tulipeleke kwa fundi."

"Geji ya joto inasemaje?"

"Iko katikati, kama siku zote."

"Basi gari zima."

Wiki iliyofuata akaniambia tena. Nikacheka. Ukanda ule wote ulijua kwamba madereva huwauzia petroli wachimbaji wadogo, ambao pampu zao za kutoa maji mashimoni hazishibi. Mimi nami nikajua, kwa sababu kila mtu alijua. Tazama ujinga huo! Mtu aliyetaka ushahidi wa Mungu hakutaka ushahidi wa uvumi.

Siku hiyo sasa, gari likazimika katikati ya soko kwa kukosa petroli. Nikashuka nikiwa nimevimba kama chura.

"Petroli umemuuzia nani?"

"Sijauza, bosi. Nilikwambia kuhusu moshi..."

"Moshi haubebi madumu! Wewe ni mwizi!"

Asubuhi ileile nilikuwa nimempa shikamoo.

Mama mmoja muuza dagaa akasema, "We kijana, neno hilo huku halitupwi ovyo." Baba Kulwa aliweka funguo juu ya boneti, akachukua koti lake, akaondoka kwa miguu.

Hujui, mwanangu, neno lile lilikuwa na uzito gani Usukumani miaka ile. Vijiji vilikuwa na sungusungu, walinzi wenye pinde na mishale, nao hawakungoja barua ya mahakama. Habari ilifika kijijini kwa Baba Kulwa, nje ya Ushirombo, kabla yeye mwenyewe hajafika. Ikatangazwa kwamba Jumamosi atasimamishwa mkutanoni. Akipatikana na hatia atatengwa: hakuna wa kumpa moto wala maji, hakuna wa kumwamkia mkewe, na akifiwa atachimba kaburi peke yake. Nilipoambiwa hayo kambini nilisema, "Mwache aone." Nilisema hivyo kwa mdomo huuhuu unaozungumza nawe.

Alhamisi nikaendesha mwenyewe. Nilijaza tangi mpaka juu, nikatia kifuniko kufuli, ufunguo nikauweka mfukoni. Sikumbeba mtu. Nilipoikaribia Kahama nikatazama geji: mshale umelala. Nikasimama kando ya barabara, nikashuka. Moshi mweusi ulikuwa ukitoka nyuma, unanuka petroli, kama alivyosema. Garini tulikuwa mimi na vifuko vya udongo tu, na petroli ilikuwa imeibwa tena. Nilimimina dumu la akiba huku nusu ikimwagikia viatu vyangu.

Shinyanga nilikwenda kwa Mzee Hasanali, Mhindi mwenye duka la vipuri aliyekuwa pia fundi wa magari hayo mapya.

"Shikamoo, mzee. Gari langu linakunywa petroli."

"Marahaba. Dereva wako anasemaje?"

"Nimemfukuza."

"Aa! Umefukuza daktari, ukaja na maiti."

Alifungua boneti, akachomoa plagi moja na kuniwekea puani. Ilikuwa nyeusi, imejaa masizi kama chungu cha mama ntilie. "Huyu hapa mwizi wako. Injini inakunywa petroli kuliko inavyoweza kuchoma." Kisha akanionyesha kidude cha shaba, hakizidi kidole gumba, kilichofungwa karibu na bomba la maji. "Hii ni sensa. Kazi yake kupima joto la maji na kuiambia kompyuta. Ikisema injini ni baridi, kompyuta inaongeza petroli, kama choki ya gari la zamani."

"Lakini geji ya dashibodi iko sawa," nikabisha. Bado nilikuwa nabisha!

"Geji ina sensa yake nyingine. Wewe umesomea nini?"

"Miamba."

"Basi kabishane na mawe."

Injini ilipopoa aliifungua ile sensa kwa spana, akaiunganisha na mita ya umeme na kuichovya kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka kwa ajili ya chai yake. Tukatazama. Maji yanatokota, sindano ya mita haisogei. Kwa kidude kile, maji ya moto yalikuwa baridi. Akachukua sensa nyingine kutoka rafuni, akaichovya vilevile: sindano ikaondoka mara moja. Akaifunga mpya, akajaza maji yaliyopungua kwenye rejeta, akachomoa waya wa betri kwa muda ili kompyuta isahau mambo ya zamani. Alipowasha, moshi ulififia, kisha ukakoma.

Nililia, mwanangu. Kazi haikuzidi saa mbili. Baba Kulwa aliniomba saa hizo mbili mara mbili, nikamnyima.

Jumamosi asubuhi nilifika kwenye mkutano, wanaume wameketi uwanjani na pinde zao, Baba Kulwa amesimama katikati, mkewe pembeni amejifunika khanga usoni. "Mwangaluka," niliwaamkia kwa Kisukuma. Kisha nikasema yote: moshi, kufuli, plagi, sufuria ya chai, sindano ya mita iliyogoma. Nikainua ile sensa mbovu. "Huyu mtu hakuiba. Mimi ndiye niliyemsingizia."

Mtemi wa sungusungu, mzee aliyekonda, aliitazama sensa, akanitazama mimi. "Ng'wanone, mwanangu, ulipomwita mwizi, ulikuwa umeshafungua hiyo boneti?"

"Hapana, mzee."

"Kwa hiyo ulifungua mdomo kwanza."

Watu wakaguna. Akamtangaza Baba Kulwa kuwa msafi, nami nikatozwa fahali kwa kulichafua jina la mtu. Nilimnunua palepale, akachinjwa na kijiji kikala. Baba Kulwa hakugusa hata supu. Nilimfuata, nikamnyooshea funguo za pikapu kwa mikono miwili, nikimwomba arudi kazini.

Hakuzipokea. "Nilikwambia moshi, nilikwambia harufu, hukuniamini. Umeiamini sindano. Sasa niambie, kijana: kama sindano ingekosa la kusema, leo mimi ningekuwa nani?"

Alimshika mkewe mkono, wakaenda zao, na hakuwahi kuendesha gari langu tena.

Swali lile ndilo linalonikasirisha mpaka leo, na nataka nawe likukere. Mwanangu, hoji. Sikukatazi, mimi bado nahoji na nitazikwa nikihoji. Lakini nyani haoni kundule, na msomi huona kila shaka isipokuwa ile inayompendeza. Unapotaka kumshuku mtu aliye chini yako, anza kwa kuishuku shaka yako. Anayeshika usukani kila siku anapokwambia gari linaumwa, fungua boneti kabla ya kufungua mdomo. Na usingoje chuma kimtetee mtu ambaye neno lake lilikuwa la kutosha. Jina la mtu halina duka la vipuri, likivunjika hukuti jingine rafuni.

Mungu akupe sikio linalowahi kuliko ulimi. Akupe watu wanyofu wa kufanya nao kazi, na akuepushe na siku ya kumnyooshea mtu funguo asizotaka tena kuzipokea. Nenda salama, mwanangu.