Sifuri Tatu na Ndege Yule Yule

Ninafundisha biashara katika sekondari moja hapa Njombe, na kila mwaka tukifika kwenye mada ya fedha za kigeni huwa ninaingia darasani na daftari langu la zamani. Jalada limechanika na kurasa zina vumbi la viazi. Ndani kuna safu mbili nilizoandika wiki baada ya wiki: kwacha ya Zambia upande mmoja, shilingi yetu upande wa pili. Wanafunzi hulicheka, maana simu inawapa bei ya leo na ya miaka kumi iliyopita kabla sijamaliza kufuta ubao. Nawaacha wacheke. Kisha nawauliza kwa nini mstari wa mwisho umeishia katikati.

Nililianza nilipomaliza kidato cha nne, nikiwa nyumbani nasubiri matokeo. Mama alikuwa akitoa viazi shambani kwetu Kichiwa na kuviuza Makambako, kando ya barabara kuu, pale yanapoegesha malori ya Zambia. Mama hakusoma. Shilingi alizijua kwa rangi, lakini kwacha zilimsumbua, kwa hiyo hesabu ikawa kazi yangu. Madereva wakitoka Tunduma, mpakani, niliwauliza wamebadilisha kwa ngapi, nikaandika. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi: kwacha tatu hivi kwa shilingi moja. Ukipewa kwacha, gawa kwa tatu. Nilijiona mhasibu wa benki kabisa, na mdomo wangu siku hizo haukuwa na breki.

Mteja wetu mkubwa alikuwa dereva mmoja wa Ndola, Zambia, mtu mzima, mpole, aliyekuwa amejifunza salamu ya Kibena, lugha yetu. Akishuka tu kwenye lori: "Kamwene, mama!" Mama alifurahi mpaka jino la mwisho likaonekana. Kila akirudi kwao alichukua gunia moja, akalipa noti tatu za kwacha elfu hamsini hamsini, na mama akamjazia lumbesa, yaani gunia linalovimba juu ya mdomo wake mpaka linasukiwa kamba. Wengine waliilipia ile nyongeza. Yeye mama hakumtoza hata siku moja.

Asubuhi moja ya baridi, malori yalipoanza tu kurudi barabarani baada ya sikukuu za mwaka mpya, akatokea, maana alikuwa amepotea tangu kabla ya Krismasi. Gunia likapakiwa, naye akanipa noti mbili: moja ya mia, moja ya hamsini. Nikazigeuza huku na huku. Kwacha mia na hamsini, gawa kwa tatu, shilingi hamsini. Shilingi hamsini kwa gunia la lumbesa!

"Dada, hela ya kwetu imebadilika, wame..." alianza.

Sikumpa nafasi. "Umetuona washamba, siyo? Mama yangu hajasoma, lakini mimi nimesoma! Mwizi mkubwa wewe!"

Wachoma mahindi waliacha majiko yao wakaja kutazama. Nikazitupa zile noti kwenye tope, miguuni kwake, nikawaamuru wapakiaji washushe gunia. Wakalishusha.

Yule baba aliinama, akaziokota, akazifuta tope kwa suruali yake mwenyewe, na badala ya kuzitia mfukoni akampa mama kwa mikono miwili. "Mama, ziweke tu," alisema. Akapanda lori, akaondoka bila gunia. Mama akazifunga kwenye pindo la kitenge. Nikamwambia anatunza makaratasi. Akakaza fundo.

Siku nne baadaye dereva mwingine akanieleza. Zambia ilikuwa imekata sifuri tatu kwenye hela yake tangu mwaka mpya. Elfu hamsini ya zamani ndiyo hamsini ya sasa. Habari ya kwacha tatu kwa shilingi moja ilikuwa imekwisha. Sasa kwacha moja peke yake ilikuwa shilingi mia tatu na ushee. Nikachukua daftari niandike bei mpya, nikaishia katikati ya mstari. Mia na hamsini ilikuwa bei yetu ile ile, kamili. Mtu alilipa, akatukanwa hadharani, akaondoka mikono mitupu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Utamwomba radhi kwa mdomo huo huo."

Kuanzia siku hiyo gunia lake lilikaa pembeni, limefungwa utepe mwekundu. Viazi vikianza kuota tulivitoa tukajaza vipya, lumbesa ile ile. Wateja walilitamani, mama akawaambia lina mwenyewe. Nami nilimuuliza kila dereva aliyesimama. Wengine walisema amehamishiwa njia ya Kongo, wengine hawakumjua. Matokeo yakatoka, nikafaulu, nikachaguliwa kidato cha tano hapa Njombe. Watu walinipongeza nami nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa na mwiba. Niliogopa kuondoka Makambako kabla sijamwomba msamaha.

Ilibaki wiki moja nisafiri, lori lake likaegesha. Nilikwenda mpaka kwake, mbele ya wachoma mahindi wale wale, nikapiga magoti, nikasema kwa sauti kubwa, maana hata matusi niliyatoa kwa sauti kubwa.

"Baba, nilikuita mwizi. Hela yako ilikuwa kamili. Mjinga nilikuwa mimi. Naomba unisamehe."

Akaangua kicheko, akaninyanyua. "Inuka, binti yangu. Mama yangu mzazi nilimpelekea hela mpya kama hizo, akasema nimemletea za watoto kuchezea. Wewe ulikusanya wachoma mahindi tu. Yeye alimwita mchungaji!"

Nililia na kucheka kwa pamoja. Namshukuru yule mtu mpaka leo. Angeweza kunipita kama jiwe la njiani, na asingekuwa na kosa. Mwanafunzi wangu akikosea huku akipiga kelele, namkumbuka yeye, nashusha sauti.

Wapakiaji wakapandisha gunia lenye utepe mwekundu. Mama akafungua pindo la kitenge, akatoa noti mbili, zikiwa bado na alama za tope. Hakuwa amezibadilisha, kwa sababu hela ya mtu ambaye hajachukua mzigo wake, alisema, hailiwi.

Yule baba akazitazama, akashangaa. "Lakini mama, siku ile binti msomi alisema ni karatasi. Kwa nini ulizipokea?"

Mama akaweka kidole juu ya picha ya yule ndege aliye kwenye noti zote za Zambia, za zamani na mpya.

"Mimi sifuri sizijui, baba," alisema. "Nilimwangalia huyu ndege, nikaona ni yule yule. Nikakuangalia na wewe."