Kura Iliyoungua Jikoni kwa Wacława

Kwa miaka kumi nimekaa kwenye meza ya kuhesabia kura katika shule ninakofundisha historia, na kwa miaka kumi, kila uchaguzi, nimekuta karatasi moja yenye alama mbili. Moja kwa mtu wa upande huu, moja kwa mtu wa upande ule. Kura iliyoharibika. Wenzangu huinyanyua juu na kucheka: "Mlevi wetu kapita tena." Mimi sikucheka hata mara moja. Niliujua mkono ule. Ulikuwa mkono uliotuwekea alama kwenye daftari la posta kutuonyesha mahali pa kutia sahihi: alama fupi, nzito, mguu mmoja umeburuzwa chini kama mkia.

Ulikuwa mkono wa Wacława Sidoruk, jirani yangu. Uzio wake na wangu ni mmoja.

Alipeleka barua katika mji wetu wa kando ya mto Narew, mashariki mwa Poland, kwa miaka thelathini na mmoja, kwanza kwa baiskeli, halafu kwa miguu baada ya goti kukataa baiskeli. Alituletea pensheni, kadi za Noeli kutoka Chicago, barua za madaktari, wito wa mahakama. Na kila uchaguzi ulipokaribia alituletea viongozi wetu, wamekunjwa mara tatu, wanatabasamu. "Shika," alikuwa akimwambia marehemu baba yangu, "huyu anakupenda sana wiki hii." Baba aliwachukia wote, lakini kila mmoja kwa namna yake, kama watu wanavyochukia ndugu wa damu. Huko ndiko tulikolelewa. Kwetu mtu akimtukana rais, anamtukana kwa sauti ya mtu aliyeumizwa, wala si ya mtu asiyejali.

Ana watoto wawili. Edyta ni mkunga huko Warsaw. Seweryn alikwenda Uingereza akiwa na miaka ishirini na mitatu, anaendesha mashine za kunyanyulia mizigo kwenye ghala mjini Peterborough. Miaka mitano iliyopita, mkesha wa Noeli, walikuwa wamesimama kumegeana mkate mwembamba wa Noeli na kutakiana heri, kama ilivyo desturi yetu, ndipo Edyta akasema: "Nakutakia afya, kaka, na nakutakia uache kutuchagulia watu ambao wewe hutaishi chini yao." Seweryn akakirudisha kipande chake kwenye sahani. Usiku ule ule akaondoka. Mwaka uliofuata baba yao alipokufa, walisimama pande mbili za kaburi, na Wacława akabaki katikati hajui aushike mkono wa nani.

Tangu hapo alikuwa na jambo moja tu moyoni. Hakulificha. Alitaka awaone wawili hao mezani kwake, wakila, na asiondoke mtu kabla ya mlo kwisha.

Akaipata njia ambayo mtu wa nchi nyingine asingeifikiria. Sheria yetu inakataza siasa kuanzia usiku wa Ijumaa mpaka vituo vifungwe saa tatu Jumapili usiku. Hakuna kumfanyia mtu kampeni, hakuna mabango mapya, redio inazungumzia hali ya hewa na nyuki. Tunauita ukimya wa uchaguzi. Wacława akawaalika wote wawili katika ukimya huo, Jumapili ya duru ya pili ya uchaguzi wa rais.

"Watanyamaza kwa sheria," aliniambia uzioni. "Mimi wamenishinda, mwalimu. Labda serikali itawaweza."

"Na ikishafika saa tatu?"

"Saa tatu watakuwa wameshiba."

Ijumaa jioni aliipekua nyumba yake. Gazeti, kijikaratasi, kalenda aliyopewa na mbunge, chochote chenye uso wa mwanasiasa kikaingia kwenye sanduku la kuni kando ya jiko, kuwashia moto. Jumamosi mchana Seweryn akafika na gari lake lenye usukani wa kulia. Jioni akaja Edyta kwa treni. Walisalimiana kwa kuulizana habari za safari, na mama yao akawa anaingia na kutoka, anapanga vijiko, anavipangua, anatazama dirishani kana kwamba kuna mgeni wa tatu.

Asubuhi ya Jumapili aliamka kabla yao kuoka babka ya viazi, ile ya kwetu, viazi vilivyokwaruzwa na kuchanganywa na mafuta ya nguruwe na vitunguu. Kwenye kabati la vyombo akakuta bahasha ya kaki ambayo hakuikumbuka. Akafikiri ni tangazo la mgombea lililoponyoka. Akaitia kwenye jiko pamoja na karatasi za sandukuni, akawasha.

Wakaenda misa. Wakarudi, wakanywa supu ya kuku. Yaliyofuata alinisimulia yeye mwenyewe, na Edyta akanijazia baadaye.

Seweryn alimpa dada yake chumvi na kusema, "Habari za sokoni Warsaw? Nyanya bei gani?"

Siku za ukimya watu wetu wana mchezo huo. Kila mgombea ni mboga fulani, na bei ndiyo kura zake.

"Nyanya zimeoza," Edyta akasema. "Lakini nasikia huko kwenu mnazipenda hivyo hivyo. Mnazila kwa mbali."

"Watoto!" akasema Wacława.

"Tunaongea mboga, Mama."

"Basi hata mboga msiongee."

Walicheka. Wote wawili, pamoja. Wacława aliniambia alishika ukingo wa meza kwa furaha, na hapo hapo akaogopa, kwa sababu furaha ile ilimkaa vibaya, kama kiatu cha kuazima.

Ndipo Seweryn akainuka, akaenda kwenye kabati, akafungua droo, akaifunga.

"Edyta. Iko wapi?"

"Nini?"

"Usijifanye. Bahasha yangu. Cheti changu."

Alikuwa amechukua kwa balozi mdogo cheti cha kupigia kura mahali popote. Kila mtu kwetu anaijua karatasi hiyo: ukiisha kupewa, jina lako linafutwa kwenye orodha, na kura yako yote imo mle. Ukikipoteza hupewi kingine. Hata nyumbani ulikozaliwa hupigi.

"Mimi ni mkunga, si mchawi," Edyta akasema. "Tangu ukiwa mdogo unapoteza soksi, leo unanitafuta mimi?"

"Niliweka hapa. Jana kulikuwa na mimi, Mama na wewe."

"Kwa hiyo mimi ni mwizi."

"Wewe ndiye uliyesema nisipige."

"Nilisema! Na nitasema tena! Wewe unapiga kura halafu unapanda meli. Mimi ndiye ninayebaki na hospitali isiyo na wauguzi. Lakini nikuibie karatasi? Ningetaka kukuibia si ningesubiri ulale? Hujalala tangu ufike, unazunguka nyumba kama mbwa mgeni!"

"Nyumba ya nani? Mgeni kwa nani?" Seweryn sasa alikuwa amesimama. "Miaka kumi na tano kule naitwa Mpolandi. Nikija hapa naitwa Mwingereza. Mahali pekee ambapo jina langu liliandikwa bila kejeli ni kwenye kile cheti."

Wacława alikuwa amekwisha kuelewa. Alipiga goti lake bovu mbele ya jiko, akafungua mlango, akakoroga majivu kwa chuma. Kati ya majivu kulikuwa na kitu kidogo kilichojikunja, kinang'aa rangi zote: ile stika ya usalama inayobandikwa kwenye cheti. Haikuungua yote. Akaiweka kiganjani ikiwa bado ya moto.

"Ni mimi," akasema.

Hawakumwelewa.

"Nimewachoma wale wote wa kwenye sanduku, na wewe nimekuchoma nao. Nilidhani ni mmoja wao."

Seweryn hakupiga kelele. Wacława alisema afadhali angepiga. Alisema tu, "Saa ishirini na mbili nimeendesha gari, Mama," akachukua mfuko wake chumbani, akatoka. Mimi nilikuwa kazini shuleni. Mke wangu ndiye aliyemwona akifungua buti ya gari, na mama mtu akitoka mbio na slipa za nyumbani.

"Ukiondoka leo," Wacława akasema, "utarudi kunizika."

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Nakufanyia. Sikia. Nina kura. Niambie jina, nitaiweka."

Edyta alikuwa mlangoni. "Mama!" alisema. Wote watatu walijua ni siku ya ukimya na walijua jina.

"Sitaki," Seweryn akasema. "Sitaki unipigie mtu usiyemwamini."

"Nani kakwambia kuna ninayemwamini? Miaka thelathini na mmoja nimewabeba begani. Uzito wao ulikuwa sawa. Bega hili hili."

"Basi mpigie Edyta."

"Ya Edyta sikuichoma."

Hapo ndipo Edyta aliposhuka ngazi. Aliniambia baadaye kwamba hakujua atasema nini mpaka aliposikia sauti yake. "Ni kura yake, Mama. Umeichoma, mrudishie." Halafu, kwa sababu hawezi kumaliza jambo bila mwiba: "Lakini huyo mtu wako akishinda kwa kura moja, Seweryn, nitakuja Peterborough kuwasha jiko kwa godoro lako."

"Njoo," akasema Seweryn. "Kule tunatumia gesi."

Lakini mfuko ulibaki kwenye buti.

Walifika shuleni saa tisa alasiri. Seweryn alinijia kwanza na ile stika iliyokunjamana, akaiweka juu ya meza. Mwenyekiti wa kamati akamsomea kifungu cha sheria kwa sauti ya chini, na akakisoma mara ya pili ingawa haikulazimu. Seweryn aliitikia kwa kichwa, akaenda kusimama nje ya mlango, mgongo kwetu. Edyta akakabidhi cheti chake. Alikishikilia kidogo kabla ya kukiachia. Nilikivuta mara mbili. Alipiga kura haraka, akatoka, akasimama hatua tatu kutoka kwa kaka yake.

Wacława nilimpa karatasi yake. Hakunitazama. Aliingia nyuma ya pazia na hakutoka. Foleni ikarefuka, watu wa misa ya mwisho na mavazi yao ya Jumapili, na kutoka nyuma mtu akasema, "Bi Wacława, unaandika barua humo? Tuletee na sisi!"

Chini ya pazia niliona viatu vyake, kimoja kimekanyaga kingine. Niliwaza jinsi mkono unavyozoea. Miaka kumi mkono wake ulikuwa ukienda juu kisha chini, mtoto mmoja kisha mwingine, ukitoka pale bila kumnyima mtu na bila kumpa mtu. Nchi nzima tulikuwa tunapiga kelele. Yeye alikuwa amejitafutia pango la karatasi moja. Sasa alikuwa anafukuzwa humo.

Alipotoka aliikunja karatasi mara tatu, kama zile alizotubebea, akaitumbukiza sandukuni. Kisha akapita katikati ya watoto wake, na wote watatu wakashuka barabara kwa mstari, kila mmoja na mwendo wake.

Usiku ule tulipozimwaga kura mezani, nilipanga karatasi kwa mafungu, kisha nikazipanga tena. Zilizoharibika zilikuwa sita. Tano tupu, moja imechorwa nguruwe. "Mlevi wetu leo hakuja," mwenzangu akasema. Katika mojawapo ya mafungu ya wale wagombea wawili, karibu na chini, nikaiona: fupi, nzito, yenye mkia. Ilikuwa moja. Mguu wake ulitetemeka kidogo, kama umeandikwa garini. Nikaigeuza haraka. Sikuwa na haki ya kuitazama kwa muda mrefu zaidi ya nyingine.

Asubuhi ya Jumatatu nusu ya mji iliamka inaimba na nusu haikutaka kufungua madirisha. Ndivyo huwa. Aliyeshinda alishinda kwa pengo jembamba, na alikuwa yule wa Seweryn. Nilimkuta Wacława uzioni na koti juu ya gauni la kulalia. Nyuma yake, uani, gari la usukani wa kulia lilikuwa bado halijaondoka, na barazani sauti mbili zilikuwa juu.

"Wewe hujui kodi yenyewe inavyokatwa!"

"Nieleze basi! Nieleze, usinipigie kelele! Na chukua hii babka, utakufa njaa njiani, mjinga wewe."

"Wanagombana," Wacława akasema.

"Nawasikia."

"Tangu saa kumi na moja. Hawajaondoka mezani." Alikuwa anakwaruza ukucha kwenye ubao wa uzio. Niliona malengelenge kiganjani, pale ilipokaa stika. "Mwalimu, wewe umesoma. Huyu mtu akija kutuharibia nchi, itakuwa ni mimi?"

Nilitaka kumwambia kura moja haifanyi chochote. Hicho ndicho tunachoambiana siku zote, na wanaokaa na wanaoondoka. Lakini nilikuwa nimeiona kura yake, na sikuweza.

"Sehemu yake," nikasema.

Akaitikia polepole. Barazani kiti kikaburuzwa, na akageuka upesi kutazama nani anaondoka. Ni Seweryn alikuwa amekisogeza karibu na meza.

Hakurudi ndani mara moja. Alisimama pale, mkono mmoja kwenye uzio, akiwasikiliza.